Joto Lililokwenda kwa Paka

Sura ya Nne

Ndani ya nyumba ya Trajan Nasteski kulikuwa na baridi kuliko uani. Inspekta Kuzman Delov alilipima hilo kwa kipima joto, kwa sababu mwendesha mashtaka hataki kusikia habari za "nilihisi". Uani nyuzi nne, theluji inaanza kulainika. Chumbani nyuzi mbili. Aliandika namba zote mbili kwenye daftari na saa pembeni: saa tano na dakika kumi asubuhi, Ijumaa.

"Inspekta, ukifia humu hawana haja ya kukupeleka mochwari," alisema Ruzhdi. "Watafunga mlango tu."

Ruzhdi alikuwa fundi wa friji. Miaka arobaini ametengeneza friji za Suvograd yote, na cheti hana hata kimoja. Kuzman alimchukua yeye kwa sababu mafundi wenye vyeti mjini ni watatu, na wote watatu wanakula kwa kampuni ileile iliyofunga mashine hii ukutani.

Mashine yenyewe ilikuwa juu ya kitanda. Pampu ya joto, nyeupe, safi, na kibandiko cha manispaa chenye mti wa kijani. Chini yake, kitanda cha chuma ambacho Stojna, mke wa Trajan, alikutwa amekufa asubuhi ya Jumatano. Miaka mitatu alikuwa hajainuka tangu apate kiharusi. Daktari aliandika sababu kwa neno moja: baridi.

Na Trajan, mzee wa miaka sabini na moja, aliyelinda kivuko cha reli miaka thelathini na minne, alikuwa mahabusu tangu jana saa kumi. Leo saa kumi zinaisha saa ishirini na nne za kisheria za kumshikilia. Ama anaachiwa, ama anapelekwa kwa hakimu. Mazishi ni kesho saa sita mchana.

Kesi dhidi yake ilikuwa fupi. Askari wa kwanza kufika alikuta mashine inapuliza hewa ya baridi, nje ni nyuzi kumi na moja chini ya sifuri. Akaandika: "Mashine iliwekwa kwenye ubaridi." Akaizima, akaitia rimoti kwenye bahasha bila kuisoma. Jirani alisikia mzee anamfokea mgonjwa. Halafu kitanda. Mama mwendesha mashtaka alikipenda sana hicho kitanda. "Nchi hii, Kuzman," alisema, "bibi yeyote atafunga dirisha la basi mwezi wa Julai kwa kuogopa upepo. Huyu anamlaza mgonjwa chini ya upepo. Kwa nini?"

Kuzman alifungua bahasha, akamwonyesha Ruzhdi kioo cha rimoti.

"Unaona nini?"

"Jua. Na thelathini."

"Jua ni nini?"

"Jua ni joto, Inspekta. Baridi ingekuwa kinyota cha theluji. Mzee aliomba joto, na aliomba la mwisho kabisa. Zaidi ya thelathini haipandi."

"Mwendesha mashtaka atasema mzee alibadilisha asubuhi kabla ya kutuita."

"Basi tuiulize mashine. Yenyewe haina wakili."

Ruzhdi alianza na vitu vidogo. Alivua kifuniko, akatoa chujio, akakinyanyua kwenye mwanga wa dirisha. Kilikuwa safi kama sahani ya mgeni. "Mzee alikuwa anakiosha," alisema. "Mtu anayetaka kuua haoshi chujio." Akageuza feni kwa kidole, ikazunguka bila kusugua. Akabonyeza rimoti. Taa ndogo nyekundu ikawaka kwenye kichwa cha mashine.

"Imesikia. Nyekundu ni joto. Sasa tunangoja dakika tatu, kompresa haipendi kuharakishwa."

Walingoja. Kuzman alining'iniza kipima joto kwenye mdomo wa mashine. Nje kitu kikaguruma, hewa ikatoka, namba zikaanza kushuka. Nyuzi mbili. Moja. Sifuri. Baada ya dakika kumi, tatu chini ya sifuri, na kwenye mapezi ya alumini, vile vibati vyembamba vya ndani, ukungu mweupe ukaanza kuganda.

"Inapoza," alisema Kuzman.

"Inapoza."

"Na umeiambia joto."

"Nimeiambia joto, imekubali joto, inatoa baridi." Ruzhdi alikuna shingo. "Inspekta, mashine hii haitengenezi joto. Inalibeba tu. Kiangazi inalitoa ndani inalitupa nje. Majira ya baridi inageuza njia, inalitafuta nje inalileta ndani. Kinachogeuza ni vali moja, ipo kwenye sanduku la nje, ndogo tu, ina mabomba manne. Ikikwama, mashine inabaki kwenye Agosti, hata ukiwekea jua mia."

"Hukwama mara nyingi?"

"Ninazigonga kwa mpini wa bisibisi kila Novemba."

Kuzman aliandika: vali imekwama. Ilikuwa inatosha. Vali ikikwama ni ajali, na ajali haina mtuhumiwa. Mzee analala nyumbani leo. Alifunga daftari mapema mno.

Sanduku la nje lilikuwa nyuma ya nyumba, juu ya vyuma viwili, likitazama ua wa jirani. Theluji ilikuwa imefika magotini kila mahali, isipokuwa mbele ya sanduku. Pale palikuwa na duara la udongo mtupu, mkavu, na katikati ya duara kalala paka mnene wa rangi ya chungwa, tumbo juu.

"Wee Zholtko! Toka hapo!" Mwanamke wa miaka sitini hivi alisimama kwenye uzio na beseni la nguo. Alikuwa Fanija, jirani aliyesikia kelele. "Msimfukuze kwa teke, afande, huyo ndiye mwanaume pekee aliyebaki kwangu."

"Simfukuzi, mama. Anapenda hapa?"

"Hatoki! Tangu sikukuu ya Mtakatifu Nikola analala hapo. Namwita kula haji. Nikadhani bibi Stojna anamtupia nyama dirishani, kumbe maskini hata mkono haunyanyuki."

Kuzman alichuchumaa, akaweka kiganja mbele ya feni. Hewa iliyotoka ilikuwa ya vuguvugu. Alimtazama Ruzhdi.

"Kama mashine inapasha nyumba, hapa nje inatoa hewa gani?"

"Baridi kuliko theluji yenyewe. Paka angekimbia hadi Ugiriki."

"Tangu Mtakatifu Nikola. Wiki nne."

"Wiki nne mzee anamlipia paka joto," alisema Ruzhdi, na hakucheka.

Alizima umeme, akatoa skrubu sita, akanyanyua bati la juu. Alitia tochi ndani, akaingiza na kichwa. Alikaa humo muda. Mpini wa bisibisi alikuwa ameushika tayari kwa kugonga, lakini hakugonga.

"Njoo uone."

"Mimi nitaona nini?"

"Hutaona kitu, ndiyo maana nakuita. Fuata bomba hili. Linatoka kwenye kompresa, linakwenda moja kwa moja kule. Hili linarudi moja kwa moja. Vali iko wapi?"

"Wameitoa?"

"Ukitoa, unakata na kuchomelea, alama inabaki. Hapa hakuna alama. Haikuwahi kuwekwa. Hili ni sanduku la kupoza tu, la kuuzwa jangwani. Wamechukua kichwa cha ndani cha joto wakakiunga na sanduku la baridi." Alihamisha tochi kwenye kibati cha ubavuni, kilichoandikwa kwa lugha ya nchi, chenye mti wa kijani na maneno *Kupasha na Kupoza*. Aliingiza ncha ya bisibisi, misumari miwili ikaruka. Chini ya kibati kulikuwa na kibati kingine. Hakikuwa na jua. Kilikuwa na kinyota cha theluji peke yake.

Kuzman alipiga picha nne. Halafu akaligeuza jambo hili kichwani kwa mpangilio, kama kawaida yake. Mashine zilizogawiwa na manispaa ni mia mbili na kumi. Zilifungwa kwa siku kumi na mbili, mwezi wa Agosti, wiki tatu kabla ya uchaguzi. Meya alikata utepe kwenye jua la nyuzi thelathini na nane, mashine zikawashwa, zikapuliza baridi, watu wakapiga makofi mpaka mikono ikawauma. Fomu za kukabidhi zina sahihi kwenye mstari wa "imejaribiwa kwa kupasha". Nani angejaribu joto siku ile? Wakubwa wanazijua siku za kujaribu vitu vyao.

Lakini kama ni mia mbili na kumi, mbona amekufa mmoja?

"Mama Fanija," aliita. "Na wewe ulipewa mashine?"

"Nilipewa."

"Niione."

"Nyumba haijafagiwa."

"Mimi ni polisi, si mkwe."

Aliwafungulia kwa kuburuta miguu. Jikoni kwake joto liliwapiga usoni kama kofi. Kwenye kona lilinguruma jiko la kuni la chuma, la kijani, sufuria ya maharage juu yake, pilipili nyekundu zimeanikwa pembeni. Mashine ya manispaa ilikuwa ukutani imefunikwa kitambaa cha kufuma, na juu ya kitambaa ikoni ndogo ya mtakatifu.

"Mkataba unasema mtu akipewa mashine anatoa jiko," alisema Kuzman.

"Nilitoa."

"Hili nini?"

"Hili ni hili. Nililotoa lilikuwa la bandani, lilikuwa na mayai ya kuku ndani." Fanija alikunja mikono kifuani. "Usinitazame hivyo, afande. Mtaa mzima ulitoa ya bandani. Wao walikuja na msumeno wa chuma na kamera, wakakata kutu, wakaondoka wamefurahi. Sisi tumeona serikali nne hapa. Nani anatoa jiko lake la kweli?"

"Trajan alitoa."

Fanija aligeukia sufuria, akakoroga maharage yasiyohitaji kukorogwa.

"Trajan alitoa lililoandikwa kwenye karatasi. Mwanaume huyo miaka thelathini na minne anateremsha kizuizi hata kama treni imefutwa. Nilimwambia, Trajan, toa lile bovu. Akasema, nimetia sahihi."

"Mashine yako ilipasha?"

"Siku moja ya Novemba. Ilinipulizia jokofu. Nikaifunika."

"Hukumwambia?"

"Nilidhani yake nzima. Halafu nikadhani ameshanunua jiko la siri kama binadamu."

"Uliona moshi kwenye dohani yake?"

Fanija alifunika sufuria. Dohani ya Trajan ilionekana vizuri kutoka dirisha lile, na theluji ilikuwa imekaa juu ya mdomo wake kama kofia, haijaguswa tangu Desemba.

"Niandikie mistari mitano," alisema Kuzman. "Kwamba mashine yako nayo inapoza. Utie sahihi. Saa kumi mzee anatoka, kesho anamzika mkewe."

"Nikiandika, wanauliza: wewe ulipata wapi joto? Watachukua jiko, na faini. Na mwanangu anaendesha gari la taka la manispaa, afande. Mkataba wake ni wa miezi mitatu mitatu."

"Ulisema jana ulisikia mzee anafoka. Hiyo ulitia sahihi."

"Hiyo haikuniuliza jiko."

Waligonga milango sita mingine. Mlango wa pili uliwafukuza, wa nne uliwapa pombe kali ya rakija, na wote waliowaruhusu kuingia walikuwa na kitambaa juu ya mashine. Hakuna aliyeandika. Hadi saa saba mchana shahidi pekee aliyekuwa tayari kusimama na ukweli wake alikuwa paka.

Kuzman alimpigia mwendesha mashtaka akiwa garini.

"Fundi wako ana leseni?" aliuliza yule mama.

"Hana, mheshimiwa. Ana macho."

"Macho hayagongwi muhuri. Mwenye leseni?"

"Ni walewale waliofunga."

"Basi watakuja kukagua wao. Wameshapiga simu, wanataka kuichukua mashine waipeleke kiwandani kwa uchunguzi. Nimeridhia. Gari liko njiani."

Kuzman aliushusha mkono wenye simu, akaupandisha tena. "Mheshimiwa, mashine ile ndiyo ushahidi wote."

"Una picha. Nisikilize, Kuzman, mimi si adui wa mzee. Nipe karatasi moja yenye sahihi. Jirani hataki? Nipe ya mtuhumiwa mwenyewe. Jana alikaa kama gogo. Aseme nani aliweka ile thelathini, lini, na kitanda nani alikisogeza na kwa nini. Ikikubaliana na picha zako, namwachia leo. Saa kumi kamili naondoka ofisini."

Chumba cha mahojiano kilikuwa na meza moja, viti viwili na hita ya umeme yenye waya mmoja unaowaka kati ya mitatu. Trajan alikaa na koti lake la reli, vifungo vyote vimefungwa. Ilikuwa saa tisa kasoro robo. Kuzman alimletea kahawa ya Kituruki, akamsogezea.

"Mzee Trajan, najua hukumuua. Nataka uniambie kwa mdomo wako, niandike, uende nyumbani. Kitanda nani alikisogeza chini ya mashine?"

"Mimi."

"Kwa nini?"

"Yule kijana aliyefunga alisema joto linashuka taratibu, mgonjwa awe karibu. Stojna hakutaka. Alisema upepo, Trajan, utaniua. Nikamwambia huu si upepo, mama, hii ni teknolojia."

"Chumba kilipokuwa hakipati joto, hukumwita mtu?"

"Nilipiga simu manispaa mara kumi na moja. Nina tarehe. Walisema mashine mpya inahitaji kuzoea nyumba."

"Wiki hii, baridi ilipozidi?"

"Jumapili niliweka ishirini na nne. Jumatatu ishirini na saba. Jumanne jioni alikuwa analia, anasema baridi, Trajan, baridi. Nikapaza sauti. Nilimwambia usilie, nimeongeza! Nikaweka thelathini. Nikaongeza na feni mpaka mwisho." Alishika kikombe kwa mikono yote miwili. "Nikamfunika koti langu. Nikakaa pembeni. Asubuhi nikasinzia kidogo."

Kuzman aliandika kila neno. Maelezo yalikaa juu ya picha kama mfuniko juu ya sufuria yake. Jua, thelathini, feni ya mwisho, kitanda, simu kumi na moja. Aliigeuza karatasi, akaisukuma na kalamu juu yake.

"Tia sahihi hapa. Kesho saa sita utakuwa naye."

Trajan alivaa miwani. Alisoma taratibu, kidole chini ya mstari, jinsi alivyokuwa akisoma ratiba za treni. Alifika mwisho, akarudi katikati.

"Hapa umeandika mashine haikuwa na uwezo wa kupasha."

"Haikuwa nao. Walikufungia sanduku la kupoza. Si kosa lako."

"Sikuuliza kosa. Nauliza kazi. Nilipoweka thelathini, ilifanya nini?"

Kuzman alitazama hita. Ule waya mmoja ulikuwa unatetemeka.

"Ilifanya kazi kwa nguvu zaidi."

"Kazi gani?"

"Mzee wangu, tia sahihi."

"Inspekta, mimi nimekaa kivukoni. Ukivuta mkono huu, kizuizi kinashuka, ukivuta ule kinapanda. Nilivuta mkono upi?"

Kuzman alikuwa amehoji wezi, wapiga visu, na waziri mmoja. Alijua kudanganya vizuri kuliko wote. Ila uongo ungelazimika kuandikwa, na ungeandikwa ungeharibu ushahidi.

"Ilikuwa inatoa joto chumbani inalipeleka nje. Ukiongeza, inatoa zaidi."

"Na feni?"

"Na feni."

"Kama ningeizima kabisa, nikamfunika kwa mablanketi?"

"Sijui."

"Unajua."

Kuzman aliinamisha macho kwenye daftari, na mzee akalisoma lile jibu kwa urahisi kuliko lililoandikwa. Alivua miwani, akaikunja mkono mmoja, kisha wa pili. Alichukua kalamu. Maelezo yote aliyafuta kwa mstari mmoja wa kukingama, ulionyooka kama umepigwa kwa rula, halafu akaandika chini yake kwa herufi kubwa za mtu aliyeacha shule darasa la nne. Aliandika kwamba mke wake alisema ni baridi, kwamba yeye alimpoza kwa mkono wake, siku tatu, na kila mkewe aliposema baridi alimwongezea. Akatia sahihi. Akaweka na tarehe.

"Hii mwendesha mashtaka hawezi kuikubali," alisema Kuzman. "Nitamweleza. Waliokufungia ndio—"

"Hao kawatafute. Watakuwa wamehama ofisi." Trajan alisukuma karatasi. "Mimi kesho siwezi kusimama pale kaburini watu wakanipa mkono. Nipeleke kwa hakimu."

"Nani atamzika, mzee?"

"Fanija atajua la kufanya. Mwambie apike ngano ya marehemu ya kuwagawia waombolezaji, ana jiko."

Saa kumi kasoro dakika kumi Kuzman aliweka karatasi mezani kwa mwendesha mashtaka, picha nne juu yake. Yule mama alikuwa ameshavaa koti. Alizisogeza picha kando kwa kucha, akasoma herufi kubwa, akasoma na mstari wa kukingama.

"Ina sahihi," alisema.

"Soma na alichokifuta, mheshimiwa."

"Alichokifuta mtu si maelezo yake." Alichukua muhuri kwenye droo, akaupuliza kwa pumzi ili wino ulainike, akagonga.

Kuzman aliendesha hadi nyumba ya Trajan. Gari la kampuni lilikuwa limekuja na kuondoka. Nyuma ya nyumba kulibaki vyuma viwili na mabomba mawili ya shaba yaliyokatwa, na duara la udongo mkavu. Paka alikuwa amekaa katikati, ameukunja mkia, akiutazama ukuta na kungoja.